Tulivyolisingizia Vumbi

Kila nikipita Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, na gari la kazi, namwomba dereva apunguze mwendo tukifika pale palipokuwa na ukumbi wetu wa simu. Sasa ni duka la magodoro. Mwenye duka ameyapanga mpaka barazani, mahali palipokuwa na benchi la kusubiria, na ukutani bado unaonekana mstari wa chokaa tulioupaka kuonyesha waya ulikopita ili mtu asije akauchimba. Dereva hajui ninachokitazama. Huniuliza kama nataka godoro.

Sitaki nionekane mtu wa kulilia ya kale. Mnara wa simu umefika, na sasa mtu anampigia ndugu yake wa ng'ambo huku anachunga mbuzi, picha safi, sauti safi. Ni jambo jema. Lakini mimi nalilia hivyo hivyo. Nalilia ubaridi wa ile sakafu ya saruji tuliyokuwa tukiimwagia maji kila asubuhi, harufu ya samaki wakavu wa Lowarengak, kule ziwani, kutoka kwenye vikapu vya wateja, na watu waliopayuka ndani ya vibanda vya mbao wakiamini kwamba Juba ikiwa mbali dawa yake ni kupaza sauti.

Kila kibanda kilikuwa na kompyuta moja, kamera na kiti cha plastiki. Mteja akipiga simu ya picha, kompyuta ilituma sura na sauti yake kwenye dishi lililokuwa juu ya bati, dishi likavirusha kwenye setilaiti, nayo setilaiti ikavishusha ofisini kwetu Lodwar, ndipo vikaendelea na safari ya dunia. Mimi ndiye niliyeitunza njia hiyo. Nilizaliwa Lodwar, nikasomea mitambo Eldoret, nikarudi nyumbani na kichwa kikubwa kuliko kofia, na kila wiki nilikwenda Kakuma kukagua ukumbi.

Aliyeusimamia ukumbi siku zote alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, mtu wa makamo aliyewahi kufundisha kwaya kwao. Kila mtu alimwita Papa, nami nikamwita hivyo. Alipiga shati pasi hata siku ambayo joto lilikuwa linayeyusha ndala. Alikuwa na laptopu yake mwenyewe, kuukuu, imejaa nyimbo za kwaya, na hakumruhusu mtu yeyote kuigusa, mimi nikiwa wa kwanza kukatazwa.

"Papa, lete nikuwekee mfumo mpya," nilikuwa nikimwambia.

"Dada, mimi siguse kitu chenye kinatembea bien, muzuri," alinijibu, akaifunga laptopu na kuiwekea mkono juu.

Nilimcheka. Nilimwambia atazikwa nayo.

Alhamisi ilikuwa siku ya mama mmoja wa Sudan Kusini aliyeuza samaki wakavu sokoni. Alichagua kibanda cha mwisho, kilicho karibu na ukuta, kwa sababu hapo mtu haonekani akilia. Mama yake mzazi alibaki Juba, na jirani mmoja mwanamke ndiye aliyemshikia simu. Walikuwa hawajaonana tangu huyu binti alipokimbia. Kwa muda fulani hakuonekana ukumbini, tukasikia amejifungua. Alipomaliza arobaini yake alirudi, mtoto wa kiume kifuani, akaniita kando kabla hata hatujamaliza kusalimiana.

"Fundi, mimi iko na shida," alisema. "Macho ya mama yangu inakufa. Daktari anasema ni presha ya macho. Ile imepotea, imepotea. Ile imebaki ni kidogo. Mimi nataka aone sura ya kijana kabla giza haijafunga. Basi. Hiyo tu."

Nikamwambia ameshafika. Nikasema kwa mdomo wangu kwamba kwa mtambo wangu bibi atamwona mjukuu hadi kope.

Siku hiyo picha ilitoka vipande vipande kama kitambaa kilichopita kwenye cherehani mbovu. Sauti ilipita vizuri. Sura ya bibi ilionekana, ikaganda mdomo wazi, ikakaa hivyo kwa muda mrefu, kisha ikaruka. Mama wa samaki alimwinua mtoto mbele ya kamera, akamgeuza huku na huku, na bibi akasema kwa Kiarabu cha Juba, ambacho kwa kukaa Kakuma nilikwisha kukielewa, kwamba haoni kitu. Mtandao wenu ni mbaya, alisema. Mwambie fundi wenu mtandao wake ni mbaya.

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Sasa, mtu yeyote wa Turkana atakwambia mkosaji wa kwanza wa kila kitu ni nani. Gari likikataa kuwaka, ni vumbi. Redio ikikoroma, ni vumbi. Mchumba asipotokea, naye pia alizuiwa na vumbi. Kwa hiyo mimi na Papa tukapanda juu ya bati. Tuliliosha dishi kwa sabuni ya unga. Tukaligeuza kwa unywele mmoja kulia na unywele mmoja kushoto. Tukaifuata kebo yote mpaka chini, na tulipokuta mahali mbuzi alipoitafuna ngozi ya juu tulishangilia kabisa, tukaikata, tukaweka mpya. Alhamisi iliyofuata nikamkalisha mama wa samaki kwenye kiti kwa madaha, nikawasha. Vipande vipande. Bibi akaganda ametazama upande, mkono hewani.

"Mtandao yako bado iko gonjwa," mama wa samaki aliniambia alipotoka. Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya.

Nilirudi Lodwar nikiwa na hasira na kila kitu chenye waya. Nililikagua dishi la huku pia, nikaliosha nalo. Niligombana kwa simu na kampuni ya setilaiti, wakaniambia upande wao hauna tatizo, nikawaambia maneno ambayo mama yangu hakunilea kuyasema. Kisha nikafanya kile ambacho fundi mtulivu angekifanya siku ya kwanza: nikaituma salamu. Ndivyo tulivyokuwa tukikiita kile kipimo, pakiti moja ndogo inayokwenda hadi Kakuma na kurudi ikisema nimefika. Nikaituma tena na tena. Zote zilirudi, zote kwa muda ule ule wa siku zote. Kama njia ingekuwa na vumbi, salamu zingepotea. Ejok? Ejok-noi, kama tusemavyo Waturkana tukijuliana hali. Watu walikuwa wanasalimiana vizuri kabisa. Mizigo ndiyo haikufika.

Hapo ndipo jambo hili liliponikosesha usingizi, maana njia nzima ilikuwa nzima.

Wiki iliyofuata nilimkuta Papa ameketi barazani anawatumia wanakwaya wenzake walioko Lodwar wimbo mrefu waliourekodi kanisani, picha zikiwemo. Alikuwa ameichomeka laptopu yake kwenye waya wetu. Nikasimama nyuma yake kumgombeza, kwamba wateja wanateseka na yeye anaula mtandao kwa nyimbo. Kabla sijafungua kinywa, laptopu ikatoa mlio wa kengele. Wimbo umekwisha kufika.

"Umeituma saa ngapi?" nikamuuliza.

"Sasa hivi."

"Sasa hivi lini?"

"Dada, sasa hivi ni sasa hivi. Chai yangu bado iko moto."

Nikamnyang'anya. Ndiyo, nilimnyang'anya mtu mzima laptopu yake, naye akashtuka sana hata akasahau kukasirika. Niliituma video ile ile kutoka kwenye kompyuta ya kibanda cha kwanza. Ikajikokota. Nikaituma tena kutoka kwa laptopu ya Papa, kwa waya ule ule, dishi lile lile, setilaiti ile ile. Ikaruka kama swala. Tofauti ilikuwa moja tu. Kompyuta zote za ukumbi zilikuwa zimewekewa mfumo endeshi mpya ulioletwa kutoka makao makuu Nairobi, wakati ule mama wa samaki alipokuwa bado ndani na mtoto mchanga. Laptopu ya Papa ilikuwa haijaguswa na mtu.

Papa akaichukua laptopu yake, akaifunga. Kisha akasema, kwa upole wa mwalimu wa kwaya, "Nilikuambia nini mimi?"

Miaka yote hii hajaacha kuniambia.

Ndani ya kila mfumo endeshi mna kiini. Hakionekani kwenye kioo, lakini ndicho kinachoamua nani atumie kumbukumbu, nani asubiri, na pakiti ngapi ziruhusiwe kutoka au kuingia kabla ya kusikia kwamba za mbele zimefika. Niliizima kompyuta ya kibanda cha kwanza, nikaiwasha nikiwa nimeshikilia kitufe ili inipe nafasi ya kuchagua, na kwa bahati njema kiini cha zamani kilikuwa bado kimelala mle ndani. Nikakichagua. Video ikaruka. Nikazima, nikawasha kwa kiini kipya. Ikajikokota. Nilirudia mpaka Papa akaniomba niihurumie mashine.

Kuwa na mkosaji si kujua kosa lake, na hilo nililielewa nikiwa nimetoka nje kupunga hewa. Mto Tarach ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, na kina mama walikuwa wameuchimba kutafuta maji kama ilivyo desturi yetu. Nikiwa mdogo mama yangu alikuwa akinichukua kwenye visima vya mchangani kama hivyo, kule nyumbani, mto Turkwel ulipokauka. Kisima kikiwa kifupi mtu mmoja anatosha: anainama, anachota, anatoka. Kikizidi kina, watu hupanga foleni ukutani, mmoja juu ya mwingine, na makarai hupita mkono kwa mkono, lililojaa likipanda, lililo tupu likishuka, na wimbo ukiimbwa ili asiwepo wa kusitasita. Nilipokuwa mjinga mdogo nilikuwa nashusha karai langu, nangoja hilo hilo lirudi na maji, ndipo nishushe lingine. Mama alinipigia kelele mpaka mbuzi wakageuka. Kisima kirefu hakingoji, alisema, shusha lingine. Sauti yake niliisikia pale kando ya Tarach kwa uwazi ulioniuma, maana alikuwa ameshatutoka, na sikuwa nimewahi kumweleza vizuri kazi ninayoifanya ni kazi gani.

Setilaiti ni kisima kirefu kupita vyote. Kiini cha zamani kilikuwa kinashusha makarai mengi bila kungoja. Waliotengeneza kipya walikuwa wamepunguza idadi ya makarai, niliona nilipovilinganisha viini hivyo, pengine kwa ajili ya nchi ambazo nyaya hupita ardhini na jibu hurudi kabla hujapepesa jicho. Huko makarai machache yanatosha. Kwetu kilituma pakiti chache, kikakaa kungoja habari zake kutoka mbinguni, kikatuma chache tena, na zilizotoka Juba kilizipokea kwa uchache huo huo. Salamu zilipita kwa sababu salamu ni karai moja. Sauti ya binadamu nayo ni nyepesi. Picha ndiyo iliyokaa kisimani.

Hakukuwa na haja ya kurudi nyuma. Kiini kipya kina mahali pake pa kuandika idadi inayoruhusiwa, nami nikaiandika, kubwa, kompyuta moja baada ya nyingine, mpaka kibanda cha mwisho. Papa alikuwa akinifuata nyuma akiimba wimbo wake, na nilipomaliza tukakumbatiana kwa jasho letu, shati lake la pasi likaharibika. Nilijiona mimi ndiye niliyeliumba dishi.

Alhamisi ilipofika nilimngoja mama wa samaki mlangoni kama bibi harusi. Mtoto alikuwa ameshakua kidogo, anashika kichwa chake mwenyewe, amevalishwa shati jipya la njano kwa ajili ya nyanya yake. Kwa kawaida sikukaa karibu na kibanda cha mtu. Siku hiyo nilisimama nyuma yake bila haya, maana nilitaka kuiona kazi yangu.

Picha ilikuja. Ilikuja nzima, bila mkwaruzo, na kwa mara ya kwanza bibi alisogea kwenye kioo kama watu wanavyosogea. Alikuwa mwembamba, amefunga kitambaa cha bluu, ameketi kwenye kiti cha kamba. Kando yake ukuta ulikuwa na kalenda ya kanisa, na ningeweza kuzisoma tarehe. Mama wa samaki alipiga kelele ya furaha, akamwinua mtoto mpaka shati la njano likajaa kwenye kamera.

"Mama, ainu!" alisema. Tazama.

Mtoto alikuwa kimya, macho yametoka kama sarafu, ngumi yote mdomoni, anaukodolea mwanga wa kioo.

Bibi hakugeuza uso. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani, kwenye kalenda, na lililotuelekea ni sikio. Ningeliona hilo tangu Alhamisi ya kwanza kama picha isingekuwa inagandaganda. Kule Juba picha pia ilikuwa safi. Jirani aliyeishika simu alisikika akisema hivyo, akimwambia kwamba leo mtandao ni mzuri, leo kila kitu kinaonekana. Bibi akatulia. Akasikiliza. Hakusikia kilio, hakusikia kucheka.

"Namwona," akasema. "Mzuri sana. Amelala."

Mama wa samaki aliendelea kumshikilia mtoto hewani. Mtoto aliitoa ngumi mdomoni, akaitazama, akairudisha.

"Aiwa, mama," mama wa samaki akasema mwishowe. "Amelala."

Akamshusha taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia kweli, na wakazungumza mambo mengine kwa sauti za chini. Nilitoka nje. Papa aliniuliza kama imefanya kazi. Nikamwambia imefanya kazi, kisha nikalia mbele yake, naye akaniketisha benchini.

Mama wa samaki alipotoka nilitarajia atapita bila kuniangalia. Alikuja akaketi benchini kando yangu, akampa mtoto ziwa.

"Fundi, mtandao yako imepona," alisema.

"Pole, mama."

"Sukuran. Umefanya kazi." Akamgeuzia mtoto ziwa la pili. "Kila wiki alikuwa anasema mtandao mbaya. Mimi nilikuwa naamini. Yeye alikuwa anajificha kwa mtandao yako. Sasa leo umemtoa nje, na imebidi aseme uongo. Mama yangu hajui uongo. Umeona vile uso yake ilikuwa?"

Nilikuwa nimeuona.

"Sasa unaweza kurudisha ile ugonjwa?" akaniuliza. "Kwa kibanda yangu tu. Wengine waache na afya yao."

Nimefanya kazi hii miaka mingi, nimeombwa mengi, lakini sijapata kuombwa hilo tena. Niliingia kibanda cha mwisho. Nikafungua pale pa kuandikia idadi, nikaifuta niliyoiandika, nikairudisha ile ndogo iliyokuja na kiini. Ilikuwa kazi fupi kuliko kufungua soda.

Haikupita muda mrefu wakubwa wa Nairobi waliona kwenye michoro yao kwamba kompyuta moja ya Kakuma ilikuwa nyuma ya zingine zote, wakaniandikia kuuliza kuna nini. Niliwajibu kwamba ni vumbi. Papa aliyasoma majibu hayo juu ya bega langu, akapiga saluti.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nimekaa barazani na chai. Kwenye kibanda cha mwisho picha ilikuwa imegoma, na nilisikia sauti ya bibi ikija kutoka Juba, kali, imejaa raha ya mtu aliyerudishiwa nguo zake.

"Mtandao wenu bado mbaya! Simwoni kabisa. Hebu niambie wewe, yukoje?"

Mama wa samaki akavuta kiti karibu na kipaza sauti. Akaanza na paji la uso, kwamba ni pana, la marehemu baba yake mwenyewe, mume wa bibi. Akaja kwenye nyusi. Alikwenda polepole sana, hakuruka kitu, na kule Juba bibi aliuliza kila kitu mara mbili, na chai yangu ikapoa kabla hawajafika kwenye pua.